Lamu au Malindi? Mwongozo kamili wa kuchagua mji wa kuhamia

Kila ikifika Mei simu yangu huanza kulia. Wale walionipigia Januari wakisifu upepo wa bahari, sasa wanauliza kama namjua mtu wa kununua friji iliyotumika miezi minne. Wengine hawapigi kabisa. Unakutana nao stendi, godoro limefungwa kamba, wanajifanya wanaenda kusalimia nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Amu, ndivyo wenyeji tunavyoiita Lamu, na mwaka wa kumi na moja huu nakaa Malindi. Sina mji wa kuutetea. Kila anayerudi na godoro lake namsikiliza, na hadithi ni ile ile: alichagua mji alioutembelea, si mji atakaoishi. Alikuja wakati wa kaskazi, akalala mahali penye maji ya kutosha, akala samaki aliyepikwa na mtu mwingine, akaondoka na picha. Hatua zilizo hapa chini zinakupeleka njia nyingine. Utautazama mji katika mwezi wake mbaya, ukiwa na ndoo mkononi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Siku kumi na nne kwa kila mji. Siku tatu ni matembezi. Wiki ya kwanza unakuwa mgeni bado, ya pili ndiyo inayosema kweli.
- Hesabu ya matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita. Ile halisi, toka kwenye taarifa ya M-Pesa, si ile unayopenda kuamini.
- Mche wa sabuni, chupa mbili nyeupe za plastiki na kikombe cha mbaazi kavu. Usicheke. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 5.
- Tepu ya kupimia na tochi.
- Simu yenye laini za mitandao miwili.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa, kama Lamu imo kwenye hesabu zako.
- Mwenyeji mmoja asiyekuwa dalali. Dalali analipwa ukisema ndiyo, kwa hiyo hawezi kukwambia hapana. Mtafute mwalimu, muuguzi, fundi au muuza duka.

## Hatua ya 1: Andika pesa yako inatoka wapi

Kabla ya bahari, kabla ya upepo, andika mstari mmoja: kila mwezi pesa inaingia kutoka wapi, na inaingia hata mvua ikinyesha?

Malindi inakwenda kwa msimu wa wageni. Kuanzia Desemba hadi Pasaka, tena Julai na Agosti, mji una damu. Kati ya Aprili na Juni hoteli kadhaa hufunga, wafanyakazi wanapumzishwa, na anayeumia si mpishi wa hoteli peke yake. Mama anayeuza maandazi mtaa wa Barani naye anaona, kwa sababu wateja wake ni wale wapishi. Ukitaka kufungua duka, kinyozi au mgahawa, usipige hesabu kwa mauzo ya Januari. Chukua mauzo ya Mei, uone kama kodi inalipika.

Lamu nayo ina wageni, lakini mji umeegemea pia uvuvi, kazi za serikali na biashara ya mashua. Hapa kuna mtego. Watu wanasikia "bandari ya Lamu", ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, wanakodi chumba mji wa kale wakitafuta kazi huko. Bandari haiko kisiwani. Iko bara, upande wa Kililana, na anayefanya kazi huko akilala mjini atavuka maji kila siku kwenda na kurudi. Kama riziki yako iko bandarini, nyumba tafuta Mokowe au Hindi, huko huko bara.

Kama unafanya kazi kwa mtandao, jambo moja la nyumba za mawe: kuta zake ni nene mno, na mtandao ulioshika vizuri barazani unaweza kufa kabisa chumba cha ndani. Ingia hadi chumba cha mwisho, piga simu ya dakika tano, kisha badilisha laini upige tena.

Dalili ya kufaulu: unaweza kumweleza mtoto wa darasa la sita pesa ya Juni itatoka wapi. Ukianza na "Mungu atajalia", rudia. Mungu anajalia kweli, ila mwenye nyumba anakuja tarehe tano.

## Hatua ya 2: Nenda mwezi mbaya

Pwani hii inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi: kukavu, bahari nzuri, wageni wengi. Kisha masika, Aprili hadi Juni, na kusi inashika hadi Agosti au Septemba, bahari ikichafuka. Kila mji unapendeza kaskazi. Nenda Mei au Juni.

Malindi ya Mei utaona ufukwe usio na mtu na madereva wa tuktuk wamelala kwenye viti vya nyuma. Utaona pia mto Sabaki ukifura na kumwaga tope, na bahari uliyoipiga picha ya buluu ikigeuka rangi ya chai ya maziwa. Lamu ya Juni, wavuvi wengi hawatoki nje ya miamba, samaki anapanda bei, na kwenye vichochoro maji ya mvua yanachanganyika na kinyesi cha punda. Nasema hivi nikiupenda mji wangu: kama hujauona usita wetu, yaani kichochoro chetu, siku ya mvua, hujaujua.

Ukifika, usilale hoteli ya ufukweni. Chukua chumba kwenye mtaa wa wenyeji na ujipikie. Nenda sokoni asubuhi mapema. Lamu soko liko kando ya ngome, huwezi kulikosa. Kila siku andika bei ya vitu saba vile vile: unga, mchele, nazi, samaki, mboga, gesi au makaa, na mtungi wa maji wa lita ishirini. Siku kumi na nne zinatosha kuonyesha nini kinapanda na nini kinakosekana. Kumbuka kwamba Lamu karibu kila kitu kisichotoka baharini kimevuka kwa boti toka Mokowe, na nauli ya ile boti unailipa wewe ndani ya kila nyanya.

Tahadhari: usiende Lamu kupima mji wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita. Mji umejaa, vyumba vimepanda bei, na kila mtu ana furaha. Nenda Maulidi kwa ajili ya Maulidi. Ramadhani ni kinyume chake: kama wewe si Mwislamu na unafikiria Lamu, pitisha angalau wiki moja ya Ramadhani huko. Mchana migahawa mingi imefungwa, usiku mji hauna usingizi. Wapo wanaolipenda hilo kuliko kitu chochote, na wapo wanaohesabu siku.

Dalili ya kufaulu: siku ya kumi una kero zako tatu zenye majina, na bado unaamka bila kutazama tarehe ya kuondoka. Usipokuwa na kero hata moja, ulikuwa unatalii.

## Hatua ya 3: Pima njia ya kuingia na ya kutoka

Malindi ni rahisi. Mombasa iko kama kilomita 120, matatu ziko mchana kutwa, na uwanja wa ndege uko mjini. Kinachochosha ni foleni ya Mtwapa, ambayo inaweza kukula saa nzima. Ukiwa na miadi ya hospitali Mombasa saa 3 asubuhi, ondoka na giza.

Lamu ni hesabu nyingine. Basi toka Malindi linapita Garsen na Witu, zaidi ya kilomita 200, na linakufikisha Mokowe. Hujafika. Unashuka, mizigo inashushwa, unapanda boti, unavuka. Kwa ndege ni vivyo hivyo: uwanja uko kisiwa cha Manda, na toka pale ni boti tena. Barabara ina vizuizi vya polisi, na kwa sababu za usalama kuna nyakati mabasi hupangiwa saa za kupita. Uliza wenyeji wiki ile ile unayosafiri. Habari za mwaka jana hazisaidii.

Swali la kuuliza gatini si "nauli ni ngapi" tu. Uliza: nikipata mgonjwa saa 7 usiku, nani ananivusha na kwa pesa ngapi? Andika namba ya nahodha. Ukiishi kule bila namba hiyo umejisahau.

Sasa fenicha. Shemeji yangu alihamia Amu toka Mombasa na kabati la milango mitatu, mninga mtupu, zawadi ya harusi. Lilifika Mokowe kwa lori, likavuka kwa jahazi, wapagazi wanne wakalibeba vichochoroni wakiimba. Nyumba aliyokodi ilikuwa ghorofani. Ngazi za nyumba zetu za zamani ni nyembamba, zinapanda hatua sita, zinapinda, zinapanda tena. Kwenye ile kona kabati likakataa. Likarudishwa chini, likakaa dakani, ukumbi wa mlangoni, siku mbili watu wakilipita kwa ubavu, mpaka fundi akaja na msumeno akalikata katikati. Lipo hadi leo, lina mshono kama mtu aliyefanyiwa upasuaji. Ndiyo maana nimekwambia uje na tepu. Pima upana wa mlango, upana wa ngazi, na zaidi ya yote pima kona. Kisha pima kitanda chako.

Dalili ya kufaulu: umeandika gharama ya safari moja ya dharura kwenda Mombasa na kurudi, ukaizidisha mara nne kwa mwaka, na hujashtuka.

## Hatua ya 4: Chagua mtaa, halafu nyumba

Kwanza, usichanganye majina. Kuna Shela ya Lamu na kuna Shela ya Malindi. Ya Lamu ni kijiji cha ufukweni, mwendo wa kama kilomita tatu toka mjini, chenye nyumba za wageni na bei za wageni. Ya Malindi ni mtaa wa kale karibu na bahari, katikati ya mji. Namjua mtu aliyetuma amana ya nyumba "Shela" kwa simu akidhani ni ile nyingine.

Lamu mjini, Mkomani upande wa kaskazini ndiko kwenye nyumba kubwa za mawe. Nyingi zimenunuliwa na watu wa nje na hukaa zimefungwa nusu mwaka. Utapata ukimya na majirani wachache. Langoni kuna maduka, watoto, msikiti wa Riyadha, na kelele za maisha. Pembezoni, kama Kashmiri na Wiyoni, nyumba ni mpya zaidi na kodi ni nafuu, ila utatembea. Magari hayaingii mji wa kale. Bodaboda zimeshafika kisiwani, na kelele zake ni ugomvi ambao utausikia kila baraza.

Malindi, Casuarina ni majumba yenye kuta ndefu na mbwa. Bila chombo chako utalipa tuktuk hata kwenda kununua chumvi. Muyeye inajengwa kwa kasi, na familia nyingi zenye mshahara wa kawaida ziko huko na Ngala. Barani na Maweni uko karibu na kila kitu, pamoja na muziki wa jirani.

Tembea mtaa unaoutaka mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Usiku ndio muhimu. Angalia taa ziko wapi, nani amekaa nje, na kama wanawake wanatembea peke yao.

## Hatua ya 5: Pima maji

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nyumba yangu ya kwanza Malindi niliiona Januari, saa 4 asubuhi. Nilifungua mfereji jikoni, maji yakatoka matamu kama ya mvua, nikalipa kodi ya miezi mitatu. Siku ya tano yakawa na chumvi. Kumbe mwenye nyumba alikuwa ameleta boza, lori la maji, asubuhi ile ile kabla sijafika, akajaza tangi. Maji ya nyumba yalikuwa ya kisima, na kile kisima hata birika la chai lilikikataa: chai haikupendeza hata uweke sukari vipi.

Maji ya mfereji ya Malindi yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, na hao hao Baricho wanalisha hadi Mombasa. Pampu zikikosa umeme, mifereji inakauka. Hilo likitokea unategemea tangi lako, boza au kisima, na visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Lamu maji matamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule unashika maji ya mvua juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi inapanda. Kwa hiyo visiwani hakuna mahali pa kukwambia "maji ni mengi" ukaamini.

Fanya hivi:

1. Uliza tangi limejazwa lini na kwa nini. Usikubali jibu la dalali. Muulize mpangaji wa jirani.
2. Chukua chupa ya kwanza ya maji kutoka mfereji wa tangi, na ya pili moja kwa moja kutoka kisimani au kwenye bomba la nje. Zionje zote mbili.
3. Paka sabuni mkononi. Maji mazuri yanapiga povu haraka. Maji magumu yanafanya ute mweupe na mkono unabaki unanata.
4. Beba chupa hadi unakolala, chemsha mbaazi zako. Kwa maji ya chumvi na chokaa hazilainiki, utakula gesi ya wiki nzima kwenye sufuria moja.
5. Angalia pete nyeupe kwenye sufuria za jirani na kutu kwenye bomba. Hivyo haviwezi kupangwa kwa ajili yako.

Kama nyumba ya Lamu ina birika la zamani, lile tangi la kujengwa la kuwekea maji, mulika tochi ndani. Ukiona visamaki vidogo, usikasirike: wazee waliviweka ili vimeze viluwiluwi vya mbu. Ukiona viluwiluwi bila visamaki, nunua chandarua.

Dalili ya kufaulu: unajua nyumba ina vyanzo viwili vya maji, unajua bei ya boza au ya mtungi unaobebwa na punda, na umeshaiongeza kwenye kodi. Kodi nafuu yenye maji ya kununua si nafuu.

## Hatua ya 6: Kagua nyumba kwa mikono

Paka kiganja ukutani, futi moja toka sakafuni. Ukitoka na unga mweupe, ukuta unavuta chumvi na rangi utakayopaka itabanduka. Tazama boriti juu: za mkoko hudumu, lakini gonga kwa fimbo usikilize kama kuna mchwa. Kama paa ni makuti, uliza yaliezekwa lini, na jiko liko umbali gani. Moto wa makuti haukupi muda wa kuchukua viatu.

Vyuma vya mita mia toka baharini havina maisha. Kitasa, feni, friji, hata kompyuta, vyote vinaliwa. Anayetaka nyumba inayotazama bahari aweke kando pesa ya vyombo kila mwaka.

Na mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Huamki asubuhi ukatoboa dirisha au kuongeza ghorofa. Lazima idhini ya watu wa makumbusho wanaosimamia uhifadhi. Kama ndoto yako ni kuta za vioo, nenda Malindi kwa amani.

## Hatua ya 7: Kaa na majirani kabla ya kuwa jirani

Usiulize "mtaa huu uko vipi?" Utajibiwa "salama". Salimia, kaa, ngoja. Swali zuri ni la kitu kimoja. Mimi nilipokuwa natafutia rafiki nyumba kule Langoni nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa akikuna nazi mlangoni:

"Shikamoo, bibi. Aliyekuwa akikaa nyumba hii alihamia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Karudi kwao."

"Kwa nini, bibi?"

Akakuna, akakuna. "Mwanamume mzuri. Lakini nyumba i juu, na mke wake magoti. Maji hupanda kwa ndoo."

Nyumba ile niliiacha palepale. Dalali alikuwa ameniambia mpangaji "alipata uhamisho".

Malindi mtaa unaweza kuwa na Waswahili, Wagiriama, Wabajuni, Waluo, Wakikuyu na Mtaliano mmoja anayejua Kiswahili kuliko watoto wako. Usipotokea msibani si kila mtu ataona. Lamu wataona, watakuulizia, na usipoonekana siku mbili mtu atabisha hodi. Watu waliolelewa kwenye magorofa ya Nairobi hudhani wanautaka ujirani wa namna hiyo. Wiki ya pili ndiyo itakayokwambia kama ni kweli. Na mavazi: kaptura ya ufukweni vaa ufukweni. Hakuna atakayekufukuza, ila hutaalikwa.

## Hatua ya 8: Hospitali na shule

Hapa ni haraka. Miji yote miwili ina hospitali ya serikali: Lamu ile ya King Fahd, Malindi ile ya kaunti ndogo. Ugonjwa mkubwa bado unakupeleka Mombasa, na toka Lamu safari hiyo inaanza na boti. Mwenye figo, moyo au mimba yenye matatizo, namshauri waziwazi akae Malindi. Shule nenda ukazione saa ya kutoka watoto, uzungumze na wazazi getini. Kwa chuo kikuu, Pwani iko Kilifi, mtoto wa Malindi anaweza kwenda na kurudi nyumbani wikendi bila kufilisi mtu.

## Hatua ya 9: Kata shauri

Weka mbele yako madaftari mawili, moja la kila mji. Usijumlishe alama, nimeona watu wakipa "ufukwe" alama kumi na "maji" alama kumi kana kwamba watakunywa ufukwe. Tafuta kero moja ambayo huwezi kuizoea. Mji wenye kero hiyo umeondoka, hata kama mengine yote ni mazuri.

Nikilazimishwa kusema: mwenye watoto wa shule, mwenye biashara inayotegemea barabara, mgonjwa wa mara kwa mara, nampeleka Malindi. Mwenye pesa isiyotegemea mji, magoti mazima, na moyo wa kuamkiana na watu arobaini kabla ya kufika dukani, nampeleka Amu. Anayetaka kusahau watu wote simpeleki popote kati ya miji hii.

## Hatua ya 10: Panga nyumba kwanza, kununua baadaye

Panga mwaka mzima, kaskazi na kusi zikupitie. Taka mkataba wa maandishi unaotaja nani analipa maji, nani anatengeneza pampu, na amana inarudi baada ya siku ngapi. Lipa kwa njia inayoacha alama. Mita ya umeme nunulia tokeni ya pesa kidogo kabla ya kusaini. Kama kuna deni la mpangaji aliyepita utaliona hapo hapo.

Ukifikia kununua ardhi, fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, kisha nenda shambani ukaulize nani analima na minazi ni ya nani. Pwani yetu ardhi inaweza kuwa ya fulani na minazi ya fulani mwingine, na watu waliozaliwa pale hawamo kwenye hati yoyote. Hati safi yenye familia sita juu yake ni kesi uliyoinunua. Ndugu wa Tanga na Unguja wajue pia kwamba asiye raia wa Kenya hapati umiliki wa kudumu; anapata mkodisho usiozidi miaka 99.

## Hatua ya 11: Siku ya kuhama

Malindi ita lori, fika kabla ya jua kali, mpe mlinzi wa jirani pesa ya chai. Basi.

Lamu tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 na 11, alfajiri na alasiri, na asubuhi ya kazi yamepwa kabisa. Boti yako inakuwa chini sana, ngazi za gati zina mwani, na friji inapandishwa na watu wanaoteleza. Ngoja maji mafu, mwezi saba nane au ishirini na mbili ishirini na tatu. Hapo maji hujaa kama saa 4 au 5 asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Mzigo unatoka botini hadi gatini karibu usawa mmoja.

Patana na wenye punda kwa safari nzima, si kwa mzigo, kwa sababu mizigo huzaana njiani. Tuma mtu mmoja atangulie nyumbani, mwingine abaki gatini na orodha. Godoro liende kwanza, punda wa mwisho abebe sufuria na jiko. Hesabu vitu dakani, kabla havijapanda zile ngazi, ndipo ulipe.